Ilikuwa ya Nani?

Basi la Nairobi huondoka Dar es Salaam alfajiri, na mtu anayekwenda kutafuta santuri utamjua kwa mzigo wake: begi tupu, vipande vya kadibodi ngumu vilivyokatwa mraba, na taulo. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoiwezesha albamu ya zamani kufika nyumbani bila kupinda wala kuchanika kona. Nguo za kubadilisha nilizibeba kwenye mfuko wa plastiki.

Natafuta albamu za roki na pop za miaka ya sitini, sabini na themanini, lakini zile zilizosikilizwa huku kwetu. Nakala safi ya Rumours ya Fleetwood Mac, albamu iliyotoka mwaka 1977 na kuuzwa kwa mamilioni, unaipata London bila jasho. Hiyo sina haja nayo. Ninayoitaka ni ile iliyopigwa kwenye sherehe ya kipaimara Moshi, ikaazimwa na jirani, ikarudishwa baada ya ugomvi, na mwenyewe akaandika jina lake kwa kalamu nyuma ya jalada ili isipotee tena. Wapo wanaodhani kwamba muziki ule ulikuwa wa Wazungu, na kwamba wazee wetu walijua dansi na taarabu tu. Mimi nimeshika majalada ya kutosha kuwabishia.

Namanga tulifika jioni. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Lakini mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka huu, na haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa mtu wa santuri hilo ni jambo kubwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi za Dar zilirekodi Redio Tanzania, kanda zikapelekwa Nairobi, na sahani zikarudi zikiwa tayari kwa kuuzwa. Albamu za nje zilizotolewa kwa leseni nazo zilitengenezwa Nairobi. Ndiyo maana masanduku ninayoyapekua Dar na Moshi yana mtiririko mzuri hadi katikati ya miaka ya sabini, kisha linakuja pengo. Ndani ya pengo hilo nakuta santuri za Ujerumani, za Uingereza na za India, zilizoletwa na mabaharia na wanafunzi katika mizigo yao, na kaseti nyingi. Nyimbo ziliendelea kufika. Kilichokatika ni njia yake, na ukizipanga santuri kwa mwaka na mahali zilipotengenezwa, unaiona hiyo njia inavyokatika.

Asubuhi nilikwenda Kenyatta Market, karibu na Barabara ya Mbagathi. Soko hili linasifika Nairobi kwa nyama choma na kwa wasusi, ambao huanza kukuita kabla hujashuka kwenye matatu. Unapita katikati ya moshi wa nyama, unakata kona mbili, halafu unasikia gitaa la besi likitoka kwenye spika kuukuu. Kibanda chenyewe ni chembamba. Santuri zimepangwa wima kutoka sakafuni hadi darini, na mwenye kibanda amebakiwa na nafasi ya kiti kimoja, pleya moja na birika la chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umetoka Tanzania," alisema, akazima muziki ili tusikilizane. "Hapa watu huniambia 'sasa'. Unataka nini? Rumba iko. Benga iko."

"Natafuta za Kizungu, hasa zilizotengenezwa hapa Nairobi."

Akanitazama vizuri. "Hizo ndizo hakuna mtu anauliza. Wageni wakikuja wanataka benga. Hizi wanaruka."

Ni kweli wanaziruka. Wakusanyaji wa Ulaya na Japani wamekuwa wakija Nairobi kuzisaka santuri ndogo za benga na rumba, nao wana haki ya kuzithamini, maana muziki ule hauna mfano. Lakini kwa kuwa ABBA na Boney M wanapatikana popote duniani, nakala zao za Nairobi huonekana hazina thamani, na zinatupwa. Nadhani hapo tunapoteza kitu. Benga inaonyesha wanamuziki wetu walikuwa wakifanya nini. Albamu ya pop iliyochakaa inaonyesha wasikilizaji wetu walikuwa wakifanya nini Jumamosi usiku, na habari za wasikilizaji ni chache kuliko za wanamuziki.

Nilianza kupekua. Rafu nzima ilikuwa ya Jim Reeves. Alifariki mwaka 1964 katika ajali ya ndege, lakini Kenya haikumwachia: nyumba nyingi zilimpiga kila Jumapili baada ya kanisa. Akafuata Skeeter Davis, Dolly Parton, Kenny Rogers. Mtu asiyejua Kenya angedhani yuko Tennessee. Nilizipita haraka, si kwa dharau, ila tayari ninazo za kutosha.

Chini kabisa nikachomoa mkusanyiko wa vibao vya disko. Jalada lilikuwa la karatasi nyepesi iliyokunjwa na kugundishwa, gundi imeachia upande mmoja. Pembeni mwa lebo, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kwamba imetengenezwa Kenya. Nikaitoa sahani na kuiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni. Mkwaruzo unaouona kwa macho mara nyingi hausikiki. Unaousikia ni ule ambao ukipitisha ukucha juu yake taratibu, ukucha unakwama. Hapo sindano itaruka. Niliipata mikwaruzo miwili ya namna hiyo. Kisha nikatazama tundu la katikati. Kulizunguka kulikuwa na mistari myembamba myeupe, mingi, imepishana kila upande. Mistari hiyo huachwa na mtu anayeitafuta ncha ya pleya gizani huku watu wamesimama ukumbini wanasubiri wimbo unaofuata. Albamu inayosikilizwa sebuleni, taa zikiwa zimewashwa, haiwi na mistari hiyo. Upande wa kwanza ulikuwa umejaa, wa pili ulikuwa na michache. Nyuma ya jalada palikuwa na muhuri wa zambarau wa klabu ya wafanyakazi, na chini yake mtu ameandika kwa mkono: isitolewe nje ya ukumbi.

"Hii ilikuwa ya nani, mzee?"

"Ilikuja na gunia kutoka Nakuru. Mwenye nyumba alikufa, watoto wakauza kila kitu."

"Hawakusema alikuwa anafanya kazi gani?"

"Walisema wanataka pesa ya gari ya kubeba viti."

Bei ilikuwa shilingi elfu moja mia tano za Kenya. Nikamwomba apunguze, nimetoka mbali. "Nyote mmetoka mbali," akanijibu, lakini akapokea elfu moja na mia mbili. Wauzaji na wakusanyaji wengi wanaamini jina au muhuri kwenye jalada unashusha bei, na wapo wanaofuta maandishi kwa spiriti ili albamu ionekane mpya. Kwangu mimi huko ni kuiharibu. Muziki uliomo umehifadhiwa mahali pengi, na kesho utaendelea kupatikana. Ushahidi kwamba klabu ya wafanyakazi wa Nakuru iliupenda kiasi cha kuupigia muhuri uko kwenye karatasi ile moja tu.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza kuhusu Sunburst. Walikuwa vijana wa Dar es Salaam waliopiga roki na soul wakizichanganya na midundo ya nyumbani, wakiimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia na ikatoka mwaka 1976. Siku hizi imetolewa upya Ulaya, hivyo kuisikiliza si tatizo. Ninayoitafuta ni nakala ya wakati ule, ikiwezekana iliyorudi Dar mikononi mwa mtu. Mzee akatikisa kichwa. "Haijawahi kupita hapa. Enda Lusaka."

Kutoka Nairobi nilipanda treni ya SGR kwenda Mombasa. Rafiki yangu alikuwa amenielekeza kwa mama mmoja wa Mji wa Kale, mjane wa baharia, mwenye sanduku la santuri analotaka kulipunguza.

"Hodi, hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita ndani. Wewe ndiye wa santuri?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kaa. Wazijua wewe, au wanunua tu?"

Alikuwa amezitandaza mkekani. Harufu ya uvundo ilijaa chumba. Unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi: majalada yalikuwa yamepata madoa ya kahawia, na juu ya sahani kadhaa ukungu ulikuwa umeota kwa vidoa vyeupe. Nilimwomba beseni. Maji yaliyochemshwa hayatoshi kwa kazi hii, kwa sababu chumvi zake hubaki kwenye mifereji ya sahani, kwa hiyo nilikuwa nimenunua chupa ya maji ya betri ya gari, yale yaliyosafishwa yasiyo na asidi. Unatia matone ya sabuni laini, unalowesha kitambaa laini, unafuta kwa kuuzungusha mkono kufuata mifereji, bila kukata katikati. Lebo isilowe. Kisha unasuuza na kuzisimamisha kivulini. Jua la Mombasa linaikunja sahani kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Mama alinitazama mpaka sahani ya tatu, akaridhika, ndipo akaanza kusema.

Kila albamu ilikuwa na bandari yake. Abraxas ya Santana, ya mwaka 1970, ilitoka Hamburg; mumewe aliipenda kwa sababu ya ngoma zake. Band on the Run ya Paul McCartney na Wings, ya mwaka 1973, aliinunua Liverpool alipoambiwa dukani kwamba sehemu kubwa ilirekodiwa Lagos. "Akaja nayo asema, hii ni ya Afrika. Mimi nikamwambia, mbona waimbaji weupe?" Boonoonoonoos ya Boney M, ya mwaka 1981, ilikuwemo, na Malaika ndani yake. Wimbo huo nilikwisha kuusikia kwa Fadhili William na kwa Miriam Makeba, nikamuuliza anaionaje ya Boney M. "Hawakuuimba vizuri," alisema bila kusita, "lakini tuliucheza."

Nyingine haikushuka melini. Ilikuwa ya Slim Ali, kijana wa Mombasa aliyevuma na Hodi Boys akiimba soul na pop kwa Kiingereza, nayo ilikuwa na kibandiko cha Assanands, duka la Mombasa lililokuwa na lebo yake ya Mzuri. Mama aliigonga kwa kidole. "Huyu wetu. Kwenye harusi za vijana tulimtaka huyu kabla ya hao wa meli."

Niliandika kila neno kwenye vipande vya karatasi: bandari, mwaka kama anaukumbuka, nani alikuwa akiupenda wimbo gani. Kila kipande nikakiingiza ndani ya jalada lake. Ndivyo ninavyofanya kila ninapompata mtu anayekumbuka, na ni mara chache kumpata. Wauzaji wa sokoni hawana kosa, gunia haliji na maelezo. Lakini familia zinazouza zingeulizwa mapema, kabla ya siku ya kugawana vitu, tungejua mengi.

Moja aliiweka kando tangu mwanzo: Teaser and the Firecat ya Cat Stevens, ya mwaka 1971, yenye mchoro wa mtoto mwenye kofia ndefu na paka wake, uliochorwa na Stevens mwenyewe. Nikaigusa.

"Hiyo siuzi."

Mwimbaji huyo alisilimu mwaka 1977, akawa Yusuf Islam. Habari zilipofika Mombasa, mumewe alirudi nyumbani kwa haraka kumweleza, kana kwamba ni jamaa yao. Baada ya hapo aliipiga hata mbele ya wazee waliokuwa wakiyachukia magitaa, na hawakumkataza. Pleya iliharibika zamani, lakini nyimbo za albamu hiyo mama anazijua kwa mpangilio, upande kwa upande. Niliisafisha kama zile nyingine. Nilikuwa na pleya ndogo ya betri, nikaiweka juu ya kigoda, nikairekodi albamu pande zote mbili kwenye simu ya mjukuu wake. Sindano iliruka mahali pamoja, upande wa pili. Mama akacheka: "Hapo ndipo iliporuka siku zote."

Alitaja bei ya santuri zilizobaki, nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Nilirudi kwa basi kupitia Lunga Lunga na Horohoro, begi limejaa, kadibodi kila upande. Ule mkusanyiko wa disko niliusikiliza Dar, na mikwaruzo miwili iko katika wimbo wa tatu, upande wa kwanza, mahali ambapo kila mtu ukumbini angekuwa amesimama. Sasa natafuta mtu yeyote aliyefanya kazi Nakuru miaka hiyo anieleze ukumbi ulikuwa wapi. Ave Africa bado haimo kwenye rafu yangu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na Sunburst walirekodi Zambia mara tu baada ya njia hiyo kukamilika. Kutoka Kapiri Mposhi hadi Lusaka ni mwendo wa basi. Nauli nimeanza kuiweka, na kadibodi ninazo.