Mikono Iliyoponda Kokoto

Msafiri atokaye katikati ya Dar es Salaam kwenda Kunduchi huiwazia bahari. Lakini huko pia mawe yamechimbwa kwa miaka mingi, na kokoto zake zimejengea nyumba zetu. Nani aliziponda? Mwaka 1992 Mtanzania mwenzetu, Bibi Flora M'mbugu-Schelling, alilijibu swali hilo kwa filamu. Katika machimbo ya namna hiyo, nje ya jiji, aliwapiga picha akina mama wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda mawe kwa mikono yao. Filamu hiyo, These Hands, ni ya dakika 45 na haina msimulizi. Husikika nyundo na nyimbo za wanawake wenyewe. Ndugu msomaji, upitapo penye jengo jipya, ikumbuke mikono hiyo, na jicho la msanii aliyeiona.