MKOBA WA NESI, Sehemu ya 6: Kichupa kimoja, mtoto mmoja

Mlioniuliza inboksi "sista, umepotelea wapi", nilikuwa mlimani. Kaeni vizuri, hii ni ndefu kidogo, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi, Endamarariek bado kuna giza na baridi ile mnayoijua watu wa Karatu. Napanga kikasha cha chanjo. Vibarafu haviingii vikiwa vigumu kama jiwe. Unaviacha nje mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ukiharakisha, chanjo ya penta inaganda, na ikishaganda haifai tena, hata kama kwa macho unaiona nzima. Humo ndani ni nyuzi joto 2 mpaka 8, basi.

Gari letu ni Land Cruiser mkonga. Karatu mjini utaziona kila siku zikipandisha watalii kwenda Lango la Lodoare, ila wenzetu mpaka pale getini ni lami tupu. Sisi tulielekea vilimani. Jina la kitongoji silitaji, kwa sababu ya mama mmoja mtakayekutana naye mbele.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Chini ya mlima dereva wetu, mzee wa maneno machache, akasimamisha gari. Akashuka, akafunga loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, akapunguza upepo kidogo kwenye matairi, akarudi na kuingiza gia nzito.

"Sista, shika kikasha chako. Kuanzia hapa hatuna haraka."

Jamani, udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Mbele ya gari inapanda, nyuma inakwenda pembeni inakotaka yenyewe. Penye korongo mzee alishuka na fimbo, akapima maji, akaangalia mawe yalivyokaa, ndo akavuka. Kuna mahali njia ni nyembamba na ukungu ulikuwa umefunga. Ulipofunguka kidogo, dirishani kwangu nikaona vilele vya miti. Yaani vilele, siyo mashina.

Nikamuuliza, "Mzee, wewe huogopi?"

"Naogopa kila siku, sista. Asiyeiogopa njia hii usipande gari lake."

Tulitumia karibu saa tatu kwa umbali ambao kwenye lami ungekuwa nusu saa. Tukafunga mizani kwenye mti, tukaanza kupima. Kwa sababu ya mvua walikuja watoto saba tu, wengi wa penta na polio. Wa surua alikuwa mmoja, na alifika mwisho, mgongoni kwa mama yake.

Yule mama akaniangalia, nikamwangalia. Akasema, "Shikamoo dada nesi. Leo ipo?"

Nikamkumbuka.

Miezi miwili nyuma alikuja kituoni nikiwa zamu. Mtoto ametimiza miezi 9, kadi safi, kila kitu sawa. Lakini kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10. Ukishakichanganya una saa 6 tu, zinazobaki unamwaga. Siku ile mtoto alikuwa peke yake. Nikamwambia arudi wiki ijayo, watoto watakuwa wengi. Mwongozo unasema fungua hata kwa mtoto mmoja, na mie naujua. Niliziangalia dozi tisa zitakazomwagwa, sikuiangalia miguu yake yenye matope mpaka magotini.

Hakurudi. Korongo lilijaa, halafu mtu wa kumwachia wale wakubwa hakupatikana. Mtoto sasa ana miezi 11 bila kinga, na surua si ugonjwa wa kusubiriana nao. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Nikafungua kichupa. Mtoto akalia, mama akacheka, akanishukuru. Hiyo shukrani ndiyo iliyoniuma kuliko kama angenigombeza.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Mzee alishuka kwa gia namba moja, mguu mbali na klachi, breki anaigusa kwa shida. Alisema ukikanyaga breki pale magurudumu yanajifunga na gari linageuka sledi, bora injini ikushikilie. Mie nimefunga mkanda, nimeshika kikasha kwa mikono miwili, namuomba Mungu. Na hapo ndo likaniingia. Huu mlima yule mama aliushuka kwa miguu na mtoto mgongoni, mie nikamrudisha kuupanda mikono mitupu.

Tulipofika nikamwaga dozi tisa, nikaziandika kwenye ripoti kama zilivyo. Sikuona hasara.

Wewe nesi mwenzangu unayesoma, kabla hujasema "rudi wiki ijayo", muulize mama ametokea wapi. Na wewe mama, surua ni miezi 9 na tena miezi 18. Ukiambiwa urudi, uliza kwa nini. Una haki ya kuuliza.

Akifikisha miezi 18, nimemwahidi nitapanda mwenyewe. Mzee kasema gari litakuwepo.

Sehemu ya 7 Jumapili, Mungu akipenda.