Zamu ya Usiku (7): Duma

Wiki iliyopita nilikuahidini kuendelea na habari za kisukari na miguu. Itakuja inshaallah. Leo naomba nikuhadithieni albamu moja ya muziki, na najua nusu yenu mtanicheka na nusu mtaniombea dua. Yote nayapokea.

Nianze alipoanza mtoto wa kaka yangu. Yeye anafanya kazi kwenye boti za watalii Nungwi, na huko ndiko alikopata maradhi ya muziki wa kina Entombed, vijana wa Stockholm, Sweden. Albamu yao ya kwanza, Left Hand Path, ya mwaka 1990, walirekodi studio inaitwa Sunlight, na magitaa yake yananguruma kama msumeno wa umeme unapopasua mbao. Aliniwekea sebuleni siku moja nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Nikamwambia, "Baba, zima, hizo kelele." Akaniambia, "Haya shangazi, kama hutaki ya Wazungu nakupa ya majirani zetu." Akanitumia Duma.

Sasa hapa pana mambo ya majina, nivumilieni. Mswahili akisikia duma anamjua mnyama, yule mwenye mbio. Lakini hawa ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, na jina lao limetoka Kikuyu, nduma, yaani kiza. Kenya hiyo hiyo nduma sokoni ni haya majimbi yetu tunayoyapika na nazi. Kwa hiyo chagua wewe: mnyama, kiza au futari. Tena albamu imetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jamani! Kwa Kiganda wanasema maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma usiyoweza kuizuia. Kwetu sisi pwani neno hilo mnalijua, na mama yangu aliponiuliza nasikiliza nini nilimwambia tu "za Uganda".

Albamu yenyewe inaitwa Duma vile vile. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, ikatoka Agosti 2020. Ukumbuke Agosti 2020 dunia ilikuwaje: korona, viwanja vimefungwa, nani ataenda kusikiliza bendi? Huko Ulaya waandishi wa muziki waliisifu sana. Huku kwetu nimewauliza vijana wa baraza ya Jaws Corner, wale wanaojua kila kitu kuanzia bei ya pweza mpaka siasa za Marekani, hata mmoja hakuijua. Mmoja akaniuliza, "Sista, Wakenya nao wanapiga hizo?" Wanapiga, tena kwa miaka. Wawili hawa wote walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi kabla ya Duma.

Sasa ikoje? Usitegemee mpiga ngoma anayetoka jasho. Ngoma zimetengenezwa kwenye kompyuta, zinakwenda mbio mpaka zinageuka mvumo mmoja, kama mvua kubwa ya masika juu ya bati. Gitaa limo, lakini mara nyingi hulijui ni gitaa au ni mashine. Halafu juu yake Khanja anapiga ukelele. Haimbi. Anapiga ukelele kutoka tumboni, mara mnene mara mwembamba, pengine kama watu watatu. Maneno mengi siyapati na sijishughulishi. Wimbo unaoitwa Lionsblood ndio nilioanza kuuelewa, kama kuelewa ndilo neno. Mara ya kwanza niliuzima. Mara ya pili niliuzima. Mara ya tatu ilikuwa ile asubuhi.

Ile asubuhi sitaisema ya mwaka gani wala wodi gani, na mambo mengine nimeyabadilisha. Alikuwa mzazi, mimba ya kwanza, kifafa cha mimba. Presha imepanda, ameletwa amechelewa, dripu tumeweka, dawa ya kuzuia degedege tumempa, daktari yupo, kila mtu yupo. Mtoto tulimpata. Mama yake hatukumpata. Ilikuwa karibu na adhana ya alfajiri. Mie ndiye niliyetoka nje kumwambia bibi aliyekaa kwenye benchi na kanga mpya za mjukuu mapajani.

Yule bibi alifungua mdomo kupiga ukelele, na kabla sauti haijatoka akauziba kwa kanga. Walikuwepo wanawake wengine pale, wakamshika mikono, wakamwambia, "Usipige kelele, mwenyezimungu hapendi, subiri, subiri." Ni kweli, dini yetu inatufunza subira na inatukataza kuomboleza kwa mayowe. Sibishani na hilo. Na mie naye siruhusiwi. Nesi akilia wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili anaogopa. Nikarudi ndani, nikajaza faili, nikakabidhi zamu. Nikamwambia mwenzangu kitanda namba nne kinahitaji shuka.

Nikapanda daladala ya Fuoni, kiti cha nyuma. Nikavaa hedifoni ili mtu asinisemeshe. Simu ikaendelea palepale ilipokuwa imekatwa, Lionsblood. Safari hii sikuzima. Nilikaa hivi, mikono juu ya mkoba, uso umetulia, kondakta ananidai nauli, na masikioni mtu ananililia ile sauti yote ambayo yule bibi aliirudisha kifuani. Nilishuka vituo viwili baada ya kwangu. Sikuwa nimelala, nilikuwa nataka iishe kwanza.

Toka siku hiyo nimeisikiliza mara nyingi, nyingine bila ya huzuni yoyote, nafua tu. Haichoshi. Na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyoona si ngeni kama nilivyodhani. Nyinyi mnaocheza singeli kwenye harusi mpaka saa nane za usiku, hizo mbio mnazo tayari mwilini. Na hao hao Nyege Nyege Tapes ndio waliotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli za studio ya Sisso ya Dar. Ukitoka kwenye singeli kwenda kwa Duma si safari ya mbali, ni kuvuka barabara, ingawa kuna gari nyingi. Na aliyewahi kukaa nje ya nyumba inapopigwa kibuki, au ngoma nyengine ya kupunga, anaijua ile sauti pepo anapopanda: si ya yule mtu, na ni ya yeye. Bi Kidude naye, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, hakuwa na sauti ya asali. Ilikuwa na kwaruzo, ilikuwa na miaka ndani yake, na ngoma ya unyago kaikalia mapajani. Wako waliosema anapiga kelele, mpaka Wazungu walipompa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, ndipo tukamwita hazina. Nasema tu.

Isiwe nawapamba mno. Yapo nisiyoyapenda. Wimbo mmoja jina lake ni kumwambia mtu ajiue kabla hajauliwa. Najua ni namna ya usemi, lakini mie nimewapokea vijana waliokunywa sumu, nimewashika vichwa wakitapika, kwa hiyo ule nauruka kila mara. Pembe 666 nao, ile namba, naona wameweka kututisha tu, na kwa mtu anayetoka kuosha maiti vitisho vya namna ile ni vya kitoto. Na baadhi ya sehemu za katikati zinavuma muda mrefu bila ya kufika popote. Ningekuwa mie ningekata.

Khanja baadaye, mwaka 2024, akatoa albamu yake peke yake, The Adept, akaitunuku kwa mama wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, yule mwanamke aliyepigana msituni na Mau Mau mpaka akapewa cheo cha field marshal, aliyefariki Septemba 2023. Niliposoma hayo nikarudi kwenye Duma na masikio mengine. Yule kijana hakuokota ukelele Stockholm.

Juzi ndio mama kanikamata. Nimekaa uani, hedifoni masikioni, natikisa kichwa. Kaichomoa moja, kaiweka kwenye sikio lake, ungo wa mchele mapajani. Nikajua leo nafukuzwa. Kasikiliza kimya, hata dakika mbili zilifika. Halafu kaniuliza, kwa upole kabisa, kama anauliza habari za mgonjwa:

"Na wenyewe wameshamuuliza anataka nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchagua mchele, na ile hedifoni hakuitoa.