Lugha ya Ankara

Biashara baina ya watu wanaojuana huenda kwa ulimi. Biashara baina ya wasiojuana haiendi ila kwa hati. Muuzaji hupeleka ankara, na katika ankara hiyo mna maneno machache: nani kauza, nani kanunua, kitu gani, kiasi gani, kwa bei gani, na siku gani fedha zilipwe. Hapana maandishi makavu kama hayo, walakini hapana yasomwayo kwa uangalifu zaidi, hasa na mwenye kudaiwa.

Msomaji wa ankara alipokuwa binadamu, jicho lake lilisahihisha mengi. Akiona 03/04/2024 katika karatasi iliyotoka London, alijua kuwa ni siku ya tatu ya Aprili. Akiyaona maandishi hayo hayo katika karatasi iliyotoka Chicago, alijua kuwa ni siku ya nne ya Machi. Akiona 1.500 katika hesabu ya Mjerumani alisoma elfu moja na mia tano, si moja na nusu. Kompyuta haina jicho hilo. Kwa sababu hii wafanyabiashara wanaotaka mitambo yao ipelekeane agizo na ankara bila ya karani kukaa katikati hawana budi kuafikiana kwanza: kila habari iwekwe mahali gani, iitwe jina gani, na jina hilo lina maana gani.

Mwafaka wa namna hii ulianza zamani kidogo. Mwaka 1948, njia za nchi kavu za kuingia Berlin ya magharibi zilipofungwa, chakula na makaa vilipelekwa kwa ndege, na shehena zilifika zikifuatana na orodha za kila mtindo. Mwanajeshi wa Marekani, Edward Guilbert, na wenzake walitunga orodha ya mtindo mmoja iliyoweza kupelekwa kwa teleksi, kwa simu au kwa redio. Miaka mingi baadaye zilikuja kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo EDIFACT, zilizoidhinishwa na shirika la ISO katika 1987. Kanuni hizo zilifanya kazi kubwa, lakini kuziingiza katika mitambo kulikuwa ghali, na aghalabu tajiri ndiye aliyemwamuru mdogo azifuate.

Mwaka 1998 ikatokea XML, namna ya kuandika habari ambayo kila sehemu hubeba jina lake kama gunia lililoandikwa ubavuni. Jon Bosak, aliyeongoza kazi ya XML, aliongoza pia kamati iliyoitoa UBL, Lugha ya Biashara ya Ulimwengu, katika 2004. Toleo la kwanza lilikuwa na hati nane, tangu agizo mpaka ankara. Toleo la 2013 lina hati 65. Yeyote aweza kuitumia bila ya kulipa ada. Denmark ilikwisha kuamuru, tangu Februari 2005, kwamba ankara zote zinazopelekwa kwa ofisi za serikali ziwe za namna hii, nayo ikaweka mahali pa kuzinakili karatasi za wale wasioweza. Hilo la mwisho lanipendeza kuliko lote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ankara hazinifikii ila za maji na umeme. Walakini nikizisoma kanuni hizi nakutana na jambo nilijualo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Faida yake haikanushiki: kitabu kimoja kikasomwa Lamu na Tabora. Gharama yake haikanushiki vile vile, na aliyeilipa hakuwa Mwunguja. Hesabu ya wafanyabiashara ni hiyo hiyo. Watu kumi, kila mmoja na mtindo wake wa ankara, wana jozi 45, na kila jozi yataka mfasiri wake. Wakikubali mtindo mmoja, wafasiri kumi watosha. Ni hoja nzuri. Lakini haisemi mtindo huo mmoja ni wa nani.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa huwasaidia wakulima wa viungo wa Muheza kuuza mali yao ng'ambo, aliniomba nimfasirie majina ya sehemu za hati hizi, ili makarani wake wazijaze kwa kufahamu, si kwa kukariri. Maelezo ya UBL yalikwisha kufasiriwa zamani kwa Kichina, Kijapani, Kikorea na Kihispania, Kiswahili hakikuwamo. Tulikaa siku tatu juu ya neno "mzigo".

"Mwalimu," aliniambia, "kwa karani wangu kila kitu ni mzigo. Gunia ni mzigo, gari zima ni mzigo, na meli nayo imebeba mzigo."

Kanuni hutenga bidhaa yenyewe, kifungio chake, na jumla ya mali anayokabidhiwa msafirishaji kwa mkataba mmoja. Karani akivichanganya, mtambo wa mnunuzi huona vitu arubaini pale ulipotazamia kimoja, na malipo husimama. Mkulima aliyekwisha kuchuma na kuanika hajui kwa nini fedha hazijafika. Huambiwa tu kuwa kompyuta imekataa.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Pwani ilikuwa na jora na robota, pakacha na kanda. Pishi ilikuwa vibaba vinne, na frasila ratili 35 hivi. Katika orodha ya vipimo ya Umoja wa Mataifa, karibu na KGM ya kilo na DZN ya dazani, niliiona SCO, ambayo ni hesabu ya ishirini. Nikasema, hii ni korja, waliyohesabia nguo babu zetu.

Basi tukakubali "bidhaa" na "furushi". Kwa ile jumla ya mali mimi nilitaka "shehena", neno lenye nasaba. Akakataa. Shehena, alisema, ni ya jahazi. Hawezi kumwambia mzee aliyeleta kilo 12 za iliki kwamba ana shehena, atadhani anachekwa. Watu wake husema "mkupuo". Tulibishana mpaka chai ikapoa, kisha tukatambua kuwa mtambo haujali. Jina ulisomalo ndani halibadiliki, liwe la Kijapani au la Kiswahili lile analoonyeshwa mtu. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni maana. Uhuru huo Mombasa haikupewa katika 1928. Orodha yetu sasa ina "shehena" kwa afisa wa forodha na "mkupuo" kwa karani, na mbele ya yote mawili maelezo yale yale.

Neno lililofuata lilikuwa "tarehe ya kupeleka". Mkulima wa Muheza husema amepeleka siku mali ilipotoka ghalani. Mnunuzi wa Hamburg husema haijapelekwa mpaka ifike mlangoni pake. Kanuni zina nafasi kwa siku zote mbili. Tumeandika "siku ya kutoka" na "siku ya kufika", na karani amekwisha kuanza kuzijaza.