Ndulele za kichuguuni

Bibi mzaa mama alifika kwetu Katindiuka, Ifakara, mwaka 1974, mwaka wa njaa, akiwa na kanga mbili, kibuyu cha samli na fundo dogo lililokazwa kwenye pindo la kanga. Mama alidhani ni pesa. Lilipofunguliwa tukaona majivu, na ndani ya majivu mbegu bapa za rangi ya udongo, ndogo kama za nyanya chungu. Nilikuwa na miaka minane. Nikachukua moja nipeleke mdomoni, Bibi akanipiga kofi la mkono. Hatukuwa tumemaliza hata kuamkiana.

Kwao Mpwapwa. Alipanda treni Gulwe hadi Kilosa, akashika reli inayoteremka Kidatu, na Kidatu akapata lori la kumfikisha Ifakara. Nchi aliyoiacha ni ile ya Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita kama 570 na mtu huhesabu mawingu. Nchi aliyoingia hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo, na juu ya mvua kuna mito inayoshuka milimani na kulifunika bonde. Masika ukichimba shimo la nguzo pale kwetu, hujafika kiwiko maji yanakuotea. Bibi alisimama mlangoni siku za mwanzo akitazama maji yakipita uani, akasema, "Maji yote haya, na hakuna anayeyakinga."

Alitaka kupanda mbegu zake. Baba, Mpogoro aliyekulia kwenye mpunga, hakuweza kumwambia mkwewe usoni kwamba anajisumbua. Alimwambia Mama, Mama ndiye aliyefikisha: hapa ni nchi ya mpunga, mti wa nchi kavu utaoza mizizi. Bibi akaitikia, "Mwambie mkwe nimesikia," akapanda karibu na jiko. Zikaota, zikafika majani manne, zikaoza shingo.

Mwaka uliofuata akakitazama kichuguu. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kirefu kuliko Baba, na sisi watoto tulikuwa tukikwea juu kuangalia wavuvi wanaorudi. Udongo wa kichuguu ni mgumu na maji hayatuami juu yake. Bibi alichimba vishimo begani mwa kichuguu, upande wa jua la jioni, akatia mbegu tatu tatu, akafunika kwa udongo wenye majivu. Hakumwagilia hata siku moja. Mvua ilitosha, na iliyozidi iliteremka yenyewe. Zikashika, zikawa vichaka vya ndulele.

Wengi wanaijua ndulele bila kuitazama. Watu wa pwani huuita mti wake mtunguja. Ni kichaka cha kufika kifuani, chenye miiba kwenye shina, na miiba mingine imejificha kwenye mishipa ya jani, hivyo anayelishika jani kwa upole ndiye anayechomwa. Jani upande wa chini ni laini kama kitambaa, la rangi ya kijivu. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Linnaeus, aliyeupa mti huu jina la kitaalamu mwaka 1753, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya mwenye mvi. Ua lake ni la zambarau, na katikati lina vidole vya njano. Ukiona ua hilo unajua mara moja kwamba huyu ni ndugu wa biringanya, ndugu wa nyanya chungu, ndugu wa mnavu tunaoula na ugali. Tunda likiwa changa ni la kijani lenye michirizi myeupe, likiiva ni njano kabisa, la kupendeza. Hapo ndipo penye hatari.

Bibi alituruhusu kuchezea matunda mabichi. Tuliyachomeka vijiti vinne vya miguu na viwili vya pembe, yakawa ng'ombe, na kwa kuwa nyumbani hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, mimi na kaka yangu tulikuwa matajiri wa zizi zima. Lakini mchezo ukiisha alituita mmoja mmoja na kutuosha mikono kwa majivu, kidole baada ya kidole, akitazama hata chini ya kucha. Hakuna aliyekula kabla ya kuoshwa. Mtoto wa jirani aliyekuja kucheza naye alioshwa.

Watu walianza kuja. Sijui nani alieneza habari, pengine ni wanawake wa kisimani. Mwenye choa kichwani alisuguliwa kwa tunda lililokatwa nusu. Mwenye mbuzi aliyejaa kupe alipewa matunda akayaponde mwenyewe. Mtu mzima mwenye msokoto wa tumbo alipewa kipande cha mzizi, si zaidi ya ukucha wa kidole gumba, atafune, ameze mate, makapi ateme. Bibi alisimama mbele yake mpaka ateme. Aliyesema atakwenda kutafunia nyumbani hakupewa.

Jino ndilo lililomjengea jina. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa vimetoka kwisha na dukani hakuna sabuni wala Aspro, kaka yangu alivimba shavu usiku kucha. Asubuhi Bibi aliweka jiwe katikati ya beseni la maji, juu ya jiwe akaweka kigae kilichotoka motoni kimeiva, na juu ya kigae akanyunyiza mbegu za ndulele alizozichanganya na samli. Kaka akainamishwa, akafunikwa blanketi. Nilikuwa nimeshika pindo la blanketi, moshi ukanipata mimi pia: mchungu, mzito, unakwaruza koo. Nilisikia mbegu zikipasuka kama chumvi iliyoangukia moto, na kaka akikohoa na kulia huku mdomo wazi, mate yakimtiririka. Blanketi lilipofunuliwa Bibi alituonyesha majini. Kulikuwa na vitu vyeupe vidogo vimejikunja, vinaelea. Wadudu wa jino. Kaka alilala mchana kutwa, na jioni akaomba uji.

Niliwaona wadudu wale kwa macho yangu, na kwa miaka miwili nilimsimulia kila mtu.

Mwaka 1981 nikiwa kidato cha pili Kilakala, Morogoro, tuliloweka maharage, tukayapasua na kuangalia kijimea kilicholala ndani: kijimzizi, kijijani, kimejikunja kama mtoto tumboni. Nilikitazama kwa lenzi nikahisi mwili unanisisimka, maana nilikuwa nimekwisha kukiona mahali. Likizo ile nikaazima lenzi ya mkononi. Nikaloweka mbegu za ndulele, nikazipasua kwa sindano. Wadudu wa jino walikuwa mle, kila mbegu na wake. Joto la kigae ndilo lililokuwa likiwarusha majini.

Nikamwita Bibi kwa furaha ya mtu aliyegundua nchi. Akainama, akaweka jicho kwenye lenzi, akakaa nalo muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Na maumivu yaliyomtoka kaka yako," akauliza, "umeyaona kwa hicho kioo?"

Sikuwa na jibu. Ninalo kiasi sasa. Mmea huu umejaa kemikali za ukoo wake, solanini na solasodini zikiwamo, na kitu chenye nguvu ya kumdhuru mtu kinaweza pia kugusa maumivu yake. Nimesoma pia kwamba Ulaya ya zamani walifukiza meno kwa mbegu za mmea mwingine wa ukoo huuhuu, nao wakaona wadudu walewale majini wakaamini kama sisi. Jino la kaka, hata hivyo, halikupona. Liling'olewa baadaye, limeoza hadi mzizi. Moshi ulimpa siku chache za kulala, na kwa mtoto ambaye hakulala usiku wa kuamkia siku ile hizo si kitu kidogo. Nayasema yote mawili kwa sababu nimechoka na wanaosema moja tu.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Aprili 1985. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja likizo. Mvua ilikuwa imetwanga siku tatu. Karibu na saa nne tulisikia mtu akipiga hodi kwa ngumi. Alikuwa jirani yetu, amembeba mwanawe wa miaka minne kama mzigo wa nguo. Mtoto alikuwa ametapika mpaka hana cha kutapika, tumbo linamnyonga, na alipofumbua macho nilimsogezea koroboi nikaona mboni zimepanuka, hazijali mwanga. Aliita jina la mtu asiyekuwapo.

Mama yule hakutaka kusema. Bibi alimshika mabega, akamwuliza taratibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, "Mwanangu, umempa nini?" Ndipo akasema. Mtoto alikuwa na minyoo, yeye mama dawa hakuipata, akaona aibu kuja kuomba kwetu. Akapanda kichuguuni wakati wa magharibi, akachuma ndulele za njano, akachemsha pamoja na mizizi, akamnywesha kikombe.

Bibi hakugomba. Alitoka mvuani bila kujifunika, akarudi na tawi zima lenye majani, ua na tunda, miiba imemchana kiganja. Akanipa. "Nenda nalo. Wakikuuliza amekula nini usisimulie. Waonyeshe." Kaka akaendesha baiskeli, mama mtu nyuma na mtoto, mimi nikakimbia ubavuni na tawi lile mpaka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, tope likitufika magotini mahali pengine. Mganga wa zamu alilitazama tawi kabla ya kumtazama mtu mwingine yeyote kati yetu, akaanza kazi. Mtoto aliwekewa dripu, akakeshewa. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba muwa. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na tukikutana sokoni hunibebea kikapu.

Niliporudi asubuhi iliyofuata usiku ule nilimkuta Bibi kichuguuni. Alikuwa amevuna matunda yote, mabichi na mabivu, akayachimbia shimo refu. Vichaka vitano alivikata, akabakiza kimoja na kukizungushia miiba ya mchongoma. Nilimwuliza kwa nini asing'oe na hicho, baada ya yaliyotokea.

"Nikikiondoa," akasema, "ataitafuta porini, na porini hakuna wa kumkataza."

Nilikuwa nimemjua miaka kumi na moja kama mtu mwenye dawa. Nikaanza kuwahesabu aliowarudisha mikono mitupu: mjamzito, kila mara, mtoto, chochote cha kumeza, mzee asiyeona vizuri, kwa sababu hatauona mzizi umebaki kiasi gani mkononi, mtu aliyekwisha kunywa dawa ya hospitali siku hiyo, mtu mwenye hasira. Walikuwa wengi kuliko aliowapa. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na ninapokumbuka somo la vipimo silioni darasa. Naona kipande cha mzizi kilichopimwa kwa ukucha na mwanamke anayengoja mtu ateme.

Bibi alifariki mwaka 1993. Kichaka kilimpita kwa miaka michache, mpaka mvua za El Niño za 1997 kuingia 1998, ambamo hata kichuguu kilikaa kama kisiwa. Baadaye wadogo zangu walikibomoa kufyatulia matofali. Udongo wa kichuguu ni tofali zuri, sikuwalaumu.

Siku hizi ndulele haihitaji kichuguu. Tangu wafugaji waanze kuingia bondeni na mifugo yao, ardhi iliyokanyagwa na kuliwa majani hadi udongo imeipokea, kwa kuwa ng'ombe huiacha wakala kingine chote. Iko kando ya barabara, iko kwenye viwanja visivyojengwa, ya njano, inang'aa. Hakuna aliyeipanda, na anayepita huchuma. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliingia ndani na ng'ombe wawili wa ndulele, miguu ya njiti za kiberiti. Niliwasifia ng'ombe wake, nikawaweka juu dirishani. Kisha nikachota majivu jikoni, nikamwambia anipe mikono, nikaanza na kidole gumba.