Mbinu Nane Nilizozifuta

Naungama: kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa kunakili. Nilianza na Java, nikaingia Go na mazoea yale yale, kama mgeni aliyesahau kuvua viatu mlangoni.

Tulikuwa na programu ya kurekodi omena ufukweni Homa Bay. Intafesi yake niliiita Daftari, ina mbinu tisa. Tulipoipeleka Muhuru Bay, kaunti ya Migori, kilichobadilika ni mbinu ya Bei tu, maana pale mpaka uko karibu na wengine hununua kwa shilingi ya Tanzania. Nami nikaandika strakti mpya na mbinu zote tisa. Nane hazikuwa na kazi ila kuita daftari la zamani.

Aliyenitoa huko ni sort.Reverse, iliyomo kwenye maktaba ya Go yenyewe. Usiku mmoja nilifungua msimbo wake nikitarajia kurasa. Mistari michache! Strakti ina kitu kimoja ndani, intafesi ya kupanga, imepachikwa bila kupewa jina la uga. Len na Swap zinapita zenyewe. Less peke yake imeandikwa upya, na humo i na j zimepishana tu. Mpangilio wote unageuka. Kesho yake nikapachika Daftari vivyo hivyo kwenye strakti yangu, nikafuta mbinu nane, nikajiona fundi.

Ufundi huo ulidumu hadi alfajiri ya kwanza Muhuru. Mitumbwi imerudi, taa za kuvulia zingali zanuka moshi, foleni ya mabeseni imefika majini. Bei ikatoka vizuri. Nikabonyeza Andika, programu ikaanguka.

“Kijana, mashine yako imelala?” akauliza mama wa kwanza kwenye foleni.

Nilikuwa nimeunda strakti bila kuweka daftari la zamani ndani yake. Uga ulikuwa nil. Kompaila haikulalamika, na haikuwa na sababu: kwa macho yake mbinu tisa zipo. Mtendaji wa zile nane ndiye hakuwepo, na hilo hujulikana programu ikishaanza kukimbia. Siku hizi strakti ya aina hiyo huiunda kwa fanksheni moja tu, nayo hukataa nil hapo hapo.

Mizigo ya asubuhi ile iliandikwa kwenye daftari la karatasi la mama yule, kwa kalamu yake. Kalamu niliondoka nayo. Bado ananidai.