Hesabu ya Greni

Sisi tuliokulia Homa Bay na feya mkononi tulijua kitu kimoja kabla hatujafika darasa la fizikia: jiwe kubwa halifiki mbali, na dogo sana linaishiwa nguvu njiani. Unatafuta la katikati, la mviringo, lisilo na kona. Ukilipata unaliweka mfukoni, hulirushi ovyo.

Walenga shabaha wa Marekani wanaopiga kibao kilicho mita 900 mbele yao wanafanya hesabu hiyo hiyo, ila kwa mizani. Uzito wa risasi wanaupima kwa greni. Gramu moja ni kama greni 15.4. Chukua bunduki ya .308. Risasi ya greni 150 inatoka mtutuni kwa kasi kuliko ya 175, na ukiangalia hapo tu utasema nyepesi ndiyo mambo yote. Subiri. Ile nzito ni ndefu, inapasua hewa vizuri na upepo hauisukumi sana, kwa hivyo huko mbali ndiyo inabaki na kasi. Lakini risasi ndefu nayo inataka mtutu unaoizungusha haraka zaidi, la sivyo inayumba hewani.

Ndiyo maana wengine hujijazia risasi wenyewe nyumbani: ganda, fataki, baruti, kichwa. Baruti wanaiongeza kidogo kidogo, kwa sababu ikizidi, presha inaweza kukupasulia bunduki usoni. Na si kwamba wanatafuta nguvu. Wanataka kila risasi iwe pacha wa mwenzake.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kuna mtu aliyeielewa hesabu ya uzito vizuri sana kule Karamoja, ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda. Ni Mskoti W. D. M. Bell. Wawindaji wa ndovu wa wakati wake walibeba bunduki za risasi ya greni 500, nyingine mpaka 900. Yeye akachukua ya milimita 7, risasi ya greni 173, yaani gramu 11 hivi. Unaweza kudhani ni wazimu. Lakini Bell alikuwa amelipasua fuvu la ndovu kwa msumeno akaona ubongo umekaa wapi. Risasi nyembamba, ndefu, isiyopondeka, ingefika pale. Hakujijazia pia, aliamini za kiwanda cha DWM cha Ujerumani, kwa sababu hazikumwangusha.

Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki hiyo ndogo.

Wapenda bunduki humtaja Bell kama ushahidi kwamba shabaha inashinda uzito. Ni kweli. Hata mimi ile sehemu ya fuvu inanivutia, siwezi kudanganya. Ila stori huishia kwa mwindaji kila mara. Nani anahesabu upande wa pili wa mtutu?

Huku kwetu, hesabu hiyo iko Ruma, Bonde la Lambwe. Hifadhi ilianzishwa 1966, ikawa mbuga ya taifa 1983. Ndipo mahali pa mwisho Kenya unapoweza kumpata korongo porini. Sisemi ndege, nasema yule swala mkubwa mwenye uso mweusi kwa mweupe na pembe zilizopinda nyuma. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha 1977, kwa hivyo hakuna mtalii wa kumlaumu leo kwa greni zake. Siku hizi mtego wa waya unatosha. Waya hauhitaji shabaha, haupimi umbali, na hauchagui nani apite.

Wamebaki wachache mno. Kwa hivyo kama wewe ni mtu wa kupenda hesabu ndogo ndogo, ya Ruma ni hii: ndama wangapi wamezaliwa mwaka huu, na wangapi wataufikia ujao. Hapo pia, kukosea kwa moja ni kukosea pakubwa.